Nyumba ya Nyasi Nyuma ya Mama

Nilikuwa nachambua mrenda. Mrenda huo nanunua Cabramatta kwa Wavietnamu, maana nao wanaula, wanaufunga mafungu kama ya sokoni kwetu, na ukivunja kikonyo harufu ni ileile. Nilikuwa nimekaa baraza ya nyuma, hapa Merrylands ugenini, beseni mapajani. Mjukuu wangu Neema akaja akavuta kiti. Alikuwa amerudi wiki hiyo kutoka Uingereza, likizo na wenzake wa chuo. Watoto wa siku hizi wanapanda ndege kama sisi tulivyokuwa tukienda mtoni. Akaniwekea simu mbele ya uso.

“Kukhu, tazama. Hii ndiyo siku tuliyozunguka mashambani.”

Kukhu ni nyanya kwa lugha yetu, na ndilo neno la kwetu analolijua vizuri. Kiswahili anakisikia lakini anajibu kwa Kiingereza, kwa hiyo hapa nitaandika maneno yake jinsi yalivyoniingia mimi.

Nikatazama kwa ajili ya kumridhisha. Kondoo. Ukuta wa mawe. Kanisa lenye makaburi mpaka mlangoni. Mto mdogo na bata wake. Neema anacheka, Neema anakula keki. Akasukuma kidole, ikaja picha nyingine, nami nikashika mkono wake asiiondoe.

Ilikuwa nyumba ya nyasi. Si banda, si jiko. Nyumba ya watu, ina madirisha ya vioo, waridi mlangoni, gari kando, na paa lake ni nyasi nene iliyokatwa ukingoni kama nywele za mtoto anayepelekwa kanisani.

“Hii ni nini?”

“Ni nyumba, Kukhu. Kijiji kizima kiko hivyo.”

“Wazungu wanakaa humo?”

Akacheka. “Wazungu matajiri! Nyumba hiyo moja inanunua hii yetu na ya jirani.”

“Tangu lini?”

“Tangu zamani. Hizo ni nyumba za zamani sana, ndiyo maana watu wanaenda kuziangalia.”

Nikauliza tena tangu lini, mpaka akadhani sijasikia. Kumbe nilikuwa nimesikia. Nilikuwa nataka aseme ni za juzi.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka mambo yalivyokuwa. Kwetu wakati ule kila mtu alikaa chini ya nyasi, na mabati yalikuwa matatu tu: kanisa, shule ya misheni, na nyumba ya mwalimu wa dini. Mtu akiweka mabati, watu walitoka mbali kuja kusikia mvua ikipiga juu yake. Mzungu alikuwa ndiye mwenye mabati na vigae. Ungeniambia mzungu anaezeka nyasi, ningecheka kama ungeniambia anatembea bila viatu.

Mama yangu alikuwa yaya kwa mzungu mmoja mwenye shamba upande wa Kitale. Alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi, akilala siku mbili. Mimi nililelewa na nyanya, mama mzazi wa baba, mwanamke aliyesema neno moja na likakaa. Mama alinukia sabuni ya watu wengine. Akija, nyanya alikuwa akifungua mlango ili, alivyosema, hewa ipite.

Siku moja mama akaja katikati ya mwezi. Akasema bwana na memsabu wanakwenda kwao Ulaya kwa meli, likizo, na wamemwambia aende nao awabebee mtoto. Baba akauliza miezi mingapi. Mama akasema watarudi kabla ya mavuno. Asubuhi yake akaniita, akanisimamisha kwenye kiti, akachukua kamba ya mgomba, akaipima kutoka kisigino changu mpaka kidole kikubwa, akaikata kwa meno. Akaifunga kwenye pindo la leso. “Nitakuletea viatu vya Ulaya,” akasema. “Ukikaa vizuri na nyanya yako.”

Nikakaa vizuri. Mahindi yakavunwa, yakakaushwa, yakaanza kuliwa. Mama hakuna. Baba akapanda baiskeli mpaka kwenye shamba la Kitale, akakuta mzungu mwingine. Shamba lilikuwa limeuzwa. Huyo mpya akamwambia hajui habari za yaya yeyote. Baba alirudi jioni, miguu imejaa vumbi jekundu mpaka magotini, akakaa chini bila kunawa.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. “Ulaya!” nyanya akasema. “Mzungu abebe mwanamke mweusi baharini, kwao hakuna wanawake?” Ami yangu mkubwa, kaka yake baba, alikuwa mcheshi. Kila akipita kwetu aliuliza, “Shemeji hajaandika kutoka Ulaya? Au Ulaya hiyo iko pale Eldoret nyuma ya stesheni?” Watu wakacheka. Mimi nikacheka pia, maana mtoto anacheka pale wakubwa wanapocheka. Baba hakucheka, lakini hakuwanyamazisha.

Mama akaja wakati wa kupalilia. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, amevaa koti zito la kijivu jua likiwaka, na kisanduku kichwani. Alikuwa amekonda. Maelezo yake yalikuwa mafupi: walipofika kule bwana alisema hawarudi tena Afrika, wakamweka mpaka wakapata mama wa kizungu anayesafiri, wakamkabidhi kwake kama mzigo. Huyo mama alimrudisha mpaka Mombasa, akabaki na karatasi zake zote za safari. Basi. Hakuwa na karatasi, hakuwa na tajiri wa kuulizwa. Alikuwa na koti, na vitu vichache vya kisanduku, na picha moja.

Viatu vyangu vilikuwa vyeupe, vya kitambaa, soli ya mpira. Nilivisubiri karibu mwaka. Nikatia mguu, haukuingia. Nikasukuma, mama akasukuma, akavuta ulimi wa kiatu, akalowesha kidole kwa mate akapaka kisigino changu. Haukuingia. Mama akatoa ile kamba ya mgomba kutoka kwenye leso, imekauka, akaipima tena mguuni kwangu. Ilikomea kabla ya kidole. Akabaki kuitazama. Mimi nikalia kwa hasira. Niliona amenidanganya. Nikawaza, angekuwa ananikumbuka angejua mguu unakua.

Jumapili baada ya kanisa baba akawaita watu. Alikuwepo nyanya, ami zangu na wake zao, mwalimu wa dini, na majirani wawili watatu. Niliwahesabu baadaye katika maisha yangu mara nyingi. Walikuwa kumi na mmoja. Hakuna aliyesema ni kesi. Ilisemwa mama ataeleza safari. Nyanya akapika chai, akaigawa kwa wote, akampa mama mwisho, kwa kikombe cha bati.

Mama hakujua bado kuwa ni kesi. Au alijua, akadhani akieleza vizuri yataisha. Akaeleza siku moja tu, ile waliyomchukua kutembea, kwa sababu siku nyingine zote, alisema, aliona ukuta wa jikoni na nepi.

“Siku hiyo bwana alikodi gari,” akasema. “Memsabu mbele, mimi nyuma na mtoto mapajani, kapu la chakula miguuni. Barabara zao za mashambani ni nyembamba, miti imefungana pande zote kama ua wa ng’ombe. Kondoo wengi, hawana mchungaji. Tukafika kanisa moja la mawe, wamezika watu mpaka mlangoni, unaruka kaburi ndiyo uingie kusali.”

“Uongo huo,” ami akasema. “Watasali vipi wakikanyaga wafu?”

“Ndivyo nilivyoona, shemeji. Halafu mto, na bata wamejaa, na hakuna anayewashika.”

“Bata wasio na mwenyewe!” Watu wakacheka sana. Mama naye akacheka. Alikuwa na jino lililojitokeza kidogo, akicheka alilifunika kwa mkono.

Akaendelea. Akasema walifika nyumba ya chai, akaambiwa akae nje na mtoto kwa kuwa ndani kumejaa. Hakukuwa kumejaa, aliona viti dirishani. Akala mkate ndani ya gari. Watoto wa kizungu wakaja kumzunguka, mmoja akalamba kidole akamsugua mkononi, aone kama rangi inatoka. “Sisi ndio tuliokwenda kutazama,” mama akasema, “lakini aliyetazamwa ni mimi.” Hapo hakucheka tena, na mimi nilimwona baba ameinamisha kichwa. Nadhani wakati huo baba alianza kumwamini. Nalisema hili sasa, na ni chungu kulisema. Watu walianza kusikiliza vizuri.

Ndipo akatoa picha. “Hapa ndipo memsabu alisema nisimame anipige,” akasema. “Nimesimama, mtoto nimembeba, mara nyuma yangu mlango ukafunguliwa. Akatoka mama mzee, mzee kabisa, amejifunga kitambaa cha jikoni. Akaja mpaka nilipo, akanishika mkono hivi, akani—”

Picha ilikuwa imepita kwa baba na nyanya, imefika kwangu, nimekaa kwenye mkeka karibu na magoti ya nyanya. Nikaitazama. Mama, lile koti, mtoto wa kizungu begani ameficha uso. Na nyuma yao nyumba ya nyasi.

Na juu ya nyumba, kileleni, kitu kimesimama.

Kwetu, nyumba ya nyasi yenye mwanamume ilikuwa na kisuli, kile kijiti kinachochomoza kileleni. Mwenye nyumba akifa, kinavunjwa. Mtoto mdogo akipita njiani alijua nyumba hii ina mume, hii ni ya mjane, kwa kutazama juu tu. Hatukufundishwa. Tulijua kama tulivyojua jua linatoka wapi.

Nikasema kwa sauti, “Hii nyumba ni ya nyasi.”

Mama akaacha kusimulia.

“Wazungu hawakai nyumba ya nyasi,” nikasema. “Na ina kisuli. Ina mwenyewe.”

Sikuelewa yote niliyokuwa nasema. Watu wazima ndio walioelewa. Lakini sitajifanya malaika hapa. Nilijua namuumiza. Vile viatu vilikuwa vimekaa mlangoni pale, vyeupe, nami niliviona wakati nasema. Na wote walikuwa wamegeuka kunitazama, mimi, mtoto wa darasa la pili, na ilikuwa tamu.

“Rudia,” baba akasema.

Nikarudia.

Nyanya akanipokonya picha, akaisogeza machoni, akaisogeza mbali. “Mtoto ameona,” akasema. “Sisi watu wazima tumekaa hapa tunalishwa bata wa mtoni, mtoto ndiye ameona. Mwanamke, hii ni nyumba ya nani?”

“Mama, ni ya Wazungu. Wako wanaoezeka nyasi. Nami nilishangaa—”

Hakumaliza. Kicheko kilichotoka pale sijapata kukisikia tena. Ami alishika mbavu. “Wazungu wa nyasi! Shemeji, hata uongo unataka mabati!”

Baba akamgeukia mwalimu wa dini. “Wewe umesoma vitabu. Mzungu kwao anaezeka nyasi?”

Mwalimu alikuwa mtu mzuri. Alinifundisha kusoma, na bila yeye nisingeandika haya. Lakini hakupenda kusema hajui. Akafikiri, akasema, “Katika picha zote nilizoziona, ni mawe na matofali.”

“Na yule mtoto wa kizungu begani?” mke wa ami mdogo akauliza. Yeye peke yake.

“Wazungu wamejaa Eldoret,” nyanya akamjibu. “Amebeba mtoto wa watu mchana, jioni ameingia kwenye nyumba ya mwanamume wake.”

Ikawa imeisha. Baba hakumpiga. Alisema tu, polepole, “Rudi kwenu.” Mama hakubishana. Aliomba picha yake, nyanya akaitupa kwenye mkeka, mama akainama akaiokota, akaifuta kwa pindo la leso.

Alfajiri nilimkuta nje anafunga kisanduku. Nilikuwa na kibuyu, naenda maji. Nikadhani atanipiga. Nilitaka anipige. Akanitazama miguu, hakunitazama uso, akasema, “Vile viatu usivitupe. Mpe vitakayemwenea.” Akaweka kisanduku kichwani akashika njia.

Aliishi kwa kaka yake, ng’ambo ya mto. Si mbali. Kwa mguu wa mtoto ni asubuhi moja, na sikwenda. Nilikatazwa, kweli, lakini nilipokuwa mkubwa wa kutokatazwa sikwenda pia. Nilimkuta sokoni mara mbili, anauza ndizi. Nilimwamkia kama ninavyomwamkia mama yeyote wa sokoni, naye akaitikia hivyohivyo. Mara ya pili alinitilia ndizi mbili za nyongeza, nikazirudisha kwenye fungu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, niliyelelewa kusimama wima.

Shule niliachia darasa la tatu, maana nyumba ilihitaji mtu wa maji na kuni mpaka baba alipooa tena. Hilo nalo nilimwekea mama. Kila nilipobeba mtungi niliona ni yeye aliyenibebesha.

Alipofariki nilikuwa na watoto wangu wawili. Nilikwenda mazishini, nikakaa nyuma, nikatoka kabla ya chakula. Mjomba akanifuata njiani, akanipa karatasi iliyokunjwa. “Ilikuwa kwenye kifuniko cha kisanduku chake,” akasema. “Hakuna mwingine wa kupewa.” Ilikuwa ile picha.

Wasomaji wengine watasema nilikuwa nampenda ndiyo maana nikaitunza. Hapana. Niliitunza kama watu wanavyotunza hati. Kila moyo uliponisumbua niliitoa nikatazama lile paa, nikasema, nilisema kweli mimi, nyasi ni nyasi. Nikairudisha ndani ya Biblia. Imekaa humo nimezaa, nimezika mume, nimepanda ndege kumfuata binti yangu anayefanya kazi ya kutunza wazee pale Lidcombe. Wazee wa watu wengine. Anarudi nyumbani ananukia sabuni yao, nami nilikuwa nikifungua dirisha. Sikuwahi kujiuliza nimelitoa wapi hilo la kufungua dirisha.

Basi nikamwambia Neema aniletee Biblia yangu. Mikono ilikuwa na utelezi wa mrenda, nikaifuta kwenye gauni.

“Huyu nani?” akauliza.

“Ni mama yangu.”

“Hujawahi kuniambia una picha yake! Hapa ni wapi?”

“Uingereza,” nikasema. “Alikwenda Uingereza.”

Neema alipiga kelele ya furaha mpaka jirani akachungulia kwenye uzio. Akasema hawezi kuamini, akasema babu za wenzake wa chuo hakuna aliyefika huko. Akauliza, “Alikwenda likizo?”

“Wenziwe ndio waliokuwa likizo. Yeye alikuwa kazini.”

Akaipiga picha ile picha kwa simu yake, akaanza kuivuta kwa vidole viwili iwe kubwa. Nikamwonyesha kileleni. “Hapo. Hicho ni nini?”

Akavuta, akavuta. “Ni ndege, Kukhu. Ndege wa nyasi. Fundi akimaliza kuezeka anaweka kitu juu, ndege au mnyama. Ni alama ya fundi. Tuliwaona wengi.” Akanionyesha zake: kuku wa nyasi, mbweha wa nyasi, juu ya mapaa ya watu.

Nikatazama. Kilikuwa na kichwa. Kilikuwa na mkia. Miaka sitini nimesema ni kisuli, na kilikuwa na mkia.

Baba alikufa akijua alidanganywa na mkewe. Nyanya alikufa amesifiwa kwa kuona mbali. Ami, mwalimu, majirani, hata yule mke wa ami aliyeuliza, wote wako chini. Nilitoa neno langu mbele ya watu kumi na mmoja, na leo nikitaka kulirudisha hakuna hata mmoja wa kumkalisha kwenye mkeka. Ndiyo maana nimeandika. Si kwa kutaka pole. Pole yenu haina pa kwenda.

“Kuna mtu mlangoni,” Neema akasema. “Umeona? Nyuma ya bega lake. Mlango uko wazi, huu ni mkono. Ni mwanamke, ana aproni.”

Nilikuwa nimeuona huo weupe siku zote, nikadhani ni doa.

“Ni mama mzee,” nikamwambia. “Alitoka akamshika mkono.”

“Halafu? Alimwambia nini?”

“Sijui. Alikuwa ndiyo anafika hapo. Nikamkatiza.”

Neema akafikiri. Ni mtoto mwenye huruma, ameitoa kwingine si kwangu. “Labda alimkaribisha ndani,” akasema. “Labda alimpa chai, Kukhu. Labda alimwambia—”

“Usimtungie,” nikasema. Nikavuta beseni. “Tumemtungia ya kutosha.”